Riwaya za Kiswahili Ninazompa Mtu Anayetaka Kusoma kwa Raha

Msomaji mwenzangu anaponiomba nimtajie riwaya nzuri, huwa sitaji kitabu papo hapo. Kwanza humuuliza anasoma wakati gani, kwa sababu anayesoma ndani ya daladala akishuka na kupanda ana mahitaji tofauti na yule anayesoma usiku baada ya watoto kulala, na wote wawili wanatofautiana na mtu aliye likizoni mwenye mchana mzima wa kujinyoosha mkekani. Kisha humuuliza ni lini aliposoma riwaya mpaka mwisho bila kusukumwa na mwalimu wala mtihani. Wengi hufikiri kidogo kabla ya kujibu, na jibu lenyewe mara nyingi ni kwamba tangu kidato cha nne hawajagusa riwaya ya Kiswahili, ingawa wanasoma magazeti kila siku na wanafuatilia tamthilia za televisheni kwa bidii kubwa. Hao ndio ninaowaandikia hasa, pamoja na wale ambao tayari wanasoma na wanataka tu kujua mwenzao anapenda nini na kwa nini.

Kipimo changu cha riwaya ya kuburudisha si kigumu kukieleza. Ninataka watu wa kitabuni wazungumze kama watu wanavyozungumza: wakatizane, wapigane vijembe, wafiche jambo huku wakilidokeza, na waseme kwa methali pale ambapo mtu mzima wa kwetu angesema kwa methali. Kisa kinaweza kuwa cha kawaida kabisa, lakini mazungumzo yakiwa hai nitasoma mpaka usiku wa manane. Kwa upande mwingine, kisa kikubwa chenye vita na mapinduzi hunichosha mapema iwapo kila mhusika anahutubia. Nikipima kwa kipimo hicho, rafu ya riwaya za waandishi wa Unguja na Pemba ndiyo inayonipa raha kubwa kuliko zote, na ndiyo ninayoanza nayo kila ninapoombwa pendekezo.

Kitabu cha kwanza ninachompa mtu aliyeacha kusoma kwa muda mrefu ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Mwandishi huyu alizaliwa Unguja mwaka 1918, akafanya kazi katika idara ya afya, kisha akaingia katika uhariri wa magazeti, likiwemo la Mkulima. Hadithi hii ilipata ushindi wa kwanza katika mashindano ya uandishi yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa kuwa kitabu mwaka 1960. Kisa chenyewe kinaanzia kwenye maiti: Bwana Ali bin Said anakutwa ameuawa mzimuni, mahali ambapo watu wa shamba wanapaheshimu na kupaogopa. Wengi wako tayari kuamini kwamba mauaji yale yana mkono wa mizimu. Ndipo anapoingia Bwana Msa, mtu mtulivu mwenye kiko chake, ambaye si askari, pamoja na rafiki yake Najum.

Raha ya Bwana Msa iko katika namna anavyosikiliza. Mtu anaeleza habari zake kwa urefu, kama tunavyoeleza habari sote, akianzia mbali na kupita kwa shangazi na jirani kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe, na Bwana Msa anamwacha aseme. Anavuta kiko chake, anaokota kitu kidogo katika maneno yale, kisha anauliza swali ambalo Najum halielewi na msomaji naye halielewi. Kurasa kadhaa baadaye ndipo unapogundua kwamba ufunguo ulikuwa umewekwa mbele ya macho yako tangu mwanzo. Mwandishi haharakishi. Anajua kwamba Mswahili anapokwenda kumhoji mtu hawezi kuingia nyumbani na kuanza kuuliza kabla ya salamu na habari za nyumbani, na upelelezi wote umejengwa juu ya adabu hiyo. Sijaona riwaya nyingine ya mauaji ambamo heshima ya mazungumzo inafanya kazi kubwa kiasi hicho ya kufichua uovu.

Anayempenda Bwana Msa ana bahati, kwa kuwa mfululizo unaendelea. Kisima cha Giningi kilitoka mwaka 1968, na jina lake litamgusa kila aliyelelewa kwa hadithi za Unguja za mji wa wachawi. Kikafuata Duniani Kuna Watu mwaka 1973 na Siri ya Sifuri mwaka 1974, halafu Mke Mmoja Waume Watatu na Mwana wa Yungi Hulewa. Vitabu vya baadaye vina mafundo mengi zaidi ya kifamilia, vya nasaba, urithi na ndoa zilizofichwa, na vinataka msomaji akae navyo kwa utulivu. Ushauri wangu ni kuvisoma kwa mpangilio wa kutoka kwake. Anayeanza na Mwana wa Yungi Hulewa anaweza kuchoshwa na wingi wa watu, ilhali aliyetoka kwenye Mzimu ameshamzoea Bwana Msa na atamvumilia hata anapochelewa kusema anachokijua.

Wapo wasomaji ambao utulivu huo hautawafaa, nao wana haki yao. Wanataka mbio, bastola na gari linalokata kona. Hawa huwapeleka Dar es Salaam. Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla, kilichotoka mwaka 1965, ni kifupi na kina kasi, na mpelelezi wake, Inspekta Wingo, ni polisi hasa mwenye wakubwa wanaomsubiri ofisini, jambo linalompa haraka ambayo Bwana Msa hana. Baada yake akaja Elvis Musiba na Willy Gamba wake, jasusi ambaye vijana wa miaka ya sabini na themanini walimjua kwa jina kama wanavyowajua wachezaji wa mpira. Kufa na Kupona kilitoka mwaka 1974, na Kikosi cha Kisasi kikafuata na kumpeleka Willy Gamba mpaka Kinshasa. Kinachonivutia katika vitabu hivyo ni kwamba hatari yake si ya kubuni tu. Dar es Salaam ya wakati ule ndiyo ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wapigania uhuru wa Msumbiji, Zimbabwe na Afrika Kusini walikuwa wakiishi humo, na wazo kwamba majasusi wa makaburu wangeweza kuwa wamekaa meza ya pili hotelini lilikuwa jambo ambalo msomaji wa wakati huo aliliamini bila shida. Ben Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, aliendeleza njia hiyo kwa Joram Kiango na mwenzake Nuru, na lugha yake ni tamu kuliko ya Musiba kwa maoni yangu, hasa katika Dar es Salaam Usiku ambamo jiji lenyewe linapewa nafasi kubwa. Wanawake katika riwaya hizi wameandikwa kwa jicho la mwanamume wa zama zile, na msomaji wa leo ataliona hilo mapema. Mimi huwaambia wasomaji wenzangu waliangalie wazi na wasilifumbie macho, kisha waamue wenyewe kama kasi ya kisa inawatosha.

Sasa nije kwenye riwaya ambayo ningeiokoa kwanza kama ningeruhusiwa kuokoa moja. Hiyo ni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999. Tuko Unguja katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza. Yasmin ni binti wa Kihindi, mbichi kabisa, aliyeozwa kwa Bwana Raza, mfanyabiashara ambaye kwa umri angeweza kuwa babake. Ndoa hiyo haina ugomvi mkubwa wala kipigo, na hapo ndipo ustadi wa mwandishi unapoanza kuonekana, kwa sababu angeweza kumfanya Raza kuwa jitu la kutisha na kumrahisishia msomaji kazi. Raza anampenda mkewe kwa namna yake. Tatizo ni kwamba Yasmin hampendi, hakuulizwa, na kila siku inayopita anaona maisha yake yakimalizika kabla hayajaanza. Anapomkimbia, watu wa kwao wanamfungia mlango, na anayempokea ni Mwajuma, mwanamke Mswahili asiye na kitu, mwenye chumba kimoja, mdomo usiotulia na moyo mpana.

Kurasa zinazowahusu Yasmin na Mwajuma ndizo ninazozirudia. Tazama jinsi mwandishi anavyomhamisha binti huyu kutoka ulimwengu mmoja kwenda mwingine bila kutuhubiria juu ya rangi na tabaka. Yasmin amezoea chakula cha kwao, adabu za kwao na ukimya wa nyumba yenye mali. Kwa Mwajuma anakuta chumba ambacho wageni wanaingia na kutoka, ngoma, taarab, masihara ya wazi, na umaskini ambao haumzuii mtu kucheka. Mwajuma hamhurumii Yasmin kwa kumbembeleza. Anamtania, anamfundisha namna ya kuishi, na anagawana naye kidogo alichonacho kana kwamba ndilo jambo la kawaida kuliko yote. Ukisoma mazungumzo yao kwa sauti utasikia tofauti ya watu wawili hata ukiondoa majina yao. Ninawajua wasomaji waliomsahau Denge baada ya muda, lakini sijakutana na aliyemsahau Mwajuma.

Denge naye ni mtu wa kuvutia, kijana aliyesoma ng'ambo, mpinzani wa ukoloni anayefanya kazi zake kwa siri na kutafutwa na Inspekta Wright. Mapenzi yake na Yasmin yako katikati ya riwaya, na swali linalomsukuma msomaji mbele ni kama mtu aliyejitolea maisha yake kwa nchi anaweza pia kuwa wa mtu mmoja. Sitasema Adam Shafi analijibu vipi. Nitasema tu kwamba jibu lake si la tamthilia, na kwamba wapo walioukasirikia mwisho wa kitabu hiki. Mimi ni miongoni mwa wanaoutetea, kwa sababu Yasmin anayefika ukurasa wa mwisho ni mwanamke anayejiamulia, na hilo ndilo alilonyimwa katika ukurasa wa kwanza. Mwaka 2021 mwongozaji Amil Shivji aliitolea filamu, ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto, na ni filamu nzuri kwa macho. Hata hivyo ninamsihi kila mtu aanze na kitabu. Filamu imechagua mapenzi na siasa, kama ilivyolazimika kuchagua, na raha nyingi za kando za riwaya, zile porojo na vituko vya watu wa mtaani, zinapatikana katika maandishi tu.

Atakayemaliza Vuta N'kuvute akiwa bado na njaa ya mwandishi huyu ana vitabu vingine vya kuendelea navyo. Kuli, cha mwaka 1979, kinamfuata Rashidi na wafanyakazi wa bandarini mpaka kwenye mgomo mkubwa wa mwaka 1948. Kina ujumbe ulio wazi zaidi, na kwa hiyo raha yake ni ya aina nyingine, lakini maelezo ya kazi ya kubeba mizigo yameandikwa kwa ukaribu unaomfanya msomaji ahisi uzito mabegani. Kasri ya Mwinyi Fuad kinatangulia kwa mwaka mmoja na kinaingia ndani ya nyumba ya bwana shamba kabla na baada ya Mapinduzi ya 1964. Haini, cha mwaka 2003, ni kitabu cha jela. Ni kizuri sana na kizito sana, na simpi mtu aliyeniomba kitu cha kumpumzisha.

Kabla sijaondoka visiwani, lazima niwataje waandishi wawili wenye majina yanayokaribiana ambao wasomaji huwachanganya. Mohamed Suleiman Mohamed ndiye aliyeandika Kiu, iliyotoka mwaka 1972, na Nyota ya Rehema, iliyofuata mwaka 1976. Kiu ni riwaya ya Bahati, msichana aliye katikati ya wanaume wawili, Idi na Mwinyi, na ya tamaa ya pesa iliyovaa nguo za mapenzi. Inasomeka kwa muda mfupi na inauma kwa muda mrefu. Nyota ya Rehema ina upana zaidi: binti aliyekataliwa na babake, Fuad, kwa sababu ya rangi ya ngozi yake, anakimbia, anaanguka, anainuka, na maisha yake yanafungamana na suala la ardhi na haki ya anayeilima. Sentensi za Mohamed Suleiman ni za mtu aliyezichuja. Hakuna neno linalokaa bure, na maelezo yake ya mashamba yana sauti, harufu na mwendo wa saa za mchana. Said Ahmed Mohamed kwa upande wake ameandika riwaya nyingi sana, na ninayoipendekeza kwanza ni Utengano ya mwaka 1980, kisa cha Maimuna aliyefungiwa ndani na babake, Bwana Maksuudi, mwanasiasa mwenye sura mbili. Msichana huyo anapotoka nje hajui lolote la ulimwengu, na ulimwengu unamjua vizuri. Wakenya wengi waliisoma shuleni, na ninawaomba waisome tena wakiwa watu wazima, kwa kuwa katika umri wa miaka kumi na saba ni vigumu kuona kwamba kitabu hiki kinamhusu Maksuudi kama kinavyomhusu Maimuna. Babu Alipofufuka, cha mwaka 2001, kina mzimu wa babu anayemtokea mjukuu wake mwenye madaraka na kumburuta ayaone maovu yake. Ni kwa wale wanaopenda mambo ya ajabu.

Kutoka bahari niende ziwani. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, na riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971 na kupigwa marufuku shuleni kwa muda kwa sababu ya uwazi wake. Kwa mtu anayetaka kitabu kisichomwachia nafasi ya kupumua, hiki hapa. Zakaria, babake Rosa, ni mlevi anayewalinda binti zake kwa fimbo; mapema katika kitabu anampiga Rosa kwa ajili ya barua iliyotoka kwa kijana, na msomaji anaona waziwazi kwamba fimbo hiyo haimlindi mtoto na chochote. Kinachofuata baada ya Rosa kuondoka nyumbani kwenda kusoma kimeandikwa kwa lugha nyepesi, kavu, isiyopambwa, na ndiyo maana kinatisha. Je, kinafaa kuitwa riwaya ya kuburudisha? Ninaamini kinafaa, kwa maana kwamba sijawahi kumwazima mtu akakirudisha bila kukimaliza, na kila anayekirudisha anataka tukizungumzie saa hiyo hiyo. Kichwamaji ya mwaka 1974 na Dunia Uwanja wa Fujo ya mwaka uliofuata zinaendelea na maswali hayo kwa kina zaidi. Nagona na Mzingile ni vitabu vyembamba ambavyo wembamba wake unadanganya. Vinaenda kwa mantiki ya ndoto, na ninashauri visubiri mpaka msomaji awe amewazoea Rosa na Kazimoto, mhusika mkuu wa Kichwamaji.

Wengine watashangaa kwamba nimefika hapa bila kumtaja Shaaban Robert. Nimemchelewesha kwa makusudi, kwa kuwa namna ya kumsoma ni tofauti. Kusadikika, kilichochapishwa mwaka 1951, ni nchi inayoelea angani, na Karama ameshtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria; utetezi wake ni masimulizi ya wajumbe waliotumwa pande zote, mpaka mbinguni na ardhini, wakarudi na mema ya huko na kuambulia kifungo. Anayekisoma kwa kasi kama anavyosoma riwaya ya Mtobwa atakiona kimekauka. Kisomwe kwa sauti, sura moja kwa siku, ikiwezekana pamoja na mtu mwingine, na hapo mizani ya sentensi zake inajitokeza, kwa sababu ni sentensi za mshairi aliyeandika nathari akiwa bado anasikia vina. Nyumbani kwetu tuliisoma namna hiyo na mama yangu mzazi, baada ya swala ya isha, yeye akisikiliza na kunisimamisha kila nilipopita haraka mahali palipompendeza. Utubora Mkulima ni chepesi zaidi na kina mapenzi ndani yake, na kwa kijana huenda kikawa mwanzo mzuri kuliko Kusadikika.

Kwa kijana hasa, au kwa mtu anayependa hadithi ya safari, hakuna kinachoshinda Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Kongowea anafiwa na mama mjini Tanga, anabaki mikononi mwa ndugu wasiomtakia heri, kisha anafunga safari kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Kiswahili chake kimejaa misemo kiasi kwamba wapo wanaolalamika kuwa mwandishi amezidisha. Mimi ninaiona misemo hiyo kama furaha ya kijana aliyependa lugha na kupata nafasi ya kuitumia yote, na msimulizi wake, Kongowea, ndivyo alivyo: mtoto aliyekosa karibu kila kitu isipokuwa maneno. Walibora naye alitutoka mwaka 2020, mwaka ule ule wa Kezilahabi, na Kiswahili kilipata hasara mbili kubwa katika miezi michache. Kidagaa Kimemwozea ndicho kilichosomwa na kizazi kizima cha watahiniwa wa Kenya, lakini Siku Njema ndicho ninachompa mtu kwa mkono wangu. Baada yake Mkenya anaweza kuchukua Chozi la Heri cha Assumpta Matei, kinachowafuata watu waliong'olewa makwao na ghasia za baada ya uchaguzi, ingawa wingi wa wahusika wake unamtaka msomaji awe na kalamu karibu.

Rafu hii ninayoielezea ina upungufu mmoja unaonisumbua: majina ya wanawake ni machache mno, hali ya kuwa wengi wa wasomaji ninaobadilishana nao vitabu ni wanawake, na wasimulizi wa kwanza wa karibu kila mmoja wetu walikuwa mama na bibi. Zainab Burhani wa Unguja aliandika Mali ya Maskini na Mwisho wa Kosa, riwaya za mapenzi na familia ambazo zina wapenzi wengi kuliko zinavyotajwa na wahakiki. Clara Momanyi wa Kenya ameandika Tumaini na Nakuruto. Katika miaka ya karibuni tuzo ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell imesaidia kutoa miswada ambayo huenda ingebaki kabatini, na kati ya washindi wake wa riwaya ninayempenda zaidi ni Zainab Alwi Baharoon, aliyeshinda mwaka 2018 kwa Mungu Hakopeshwa. Hiki ni kitabu cha dhuluma ya mume na baba ndani ya nyumba ya Unguja, na kinapita mtihani wangu wa mazungumzo bila taabu. Wanawake wake wanaposemezana jikoni msomaji anahisi amesimama mlangoni akisikiliza. Anayetaka kujua kama riwaya ya visiwani bado ina uhai baada ya wakubwa niliowataja aanzie hapo.

Kuhusu kuvipata vitabu vyenyewe, hali haiko sawa kwa vyote. Vilivyowahi kuwa vitabu teule vya shule, kama Utengano, Siku Njema, Kusadikika na Vuta N'kuvute, hupatikana kwa urahisi katika maduka ya vitabu ya Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, na nakala za mitumba zenye majina ya wanafunzi waliotangulia na maelezo yao ya penseli pembeni ni rahisi zaidi. Bwana Msa ni mgumu kidogo, na anayekutana na Duniani Kuna Watu kwenye meza ya muuza vitabu vya zamani asiondoke akisema atarudi kesho. Musiba na Mtobwa wanataka uvumilivu wa kutafuta, ingawa baadhi ya vitabu vyao vimechapishwa upya. Waliotapakaa Muscat, London na Minneapolis huagiza kupitia ndugu anayesafiri, na ninawashauri waagize viwili vya kila kimoja, kwa sababu nakala ya Kiswahili ugenini haikai kwa mwenyewe: inaazimwa, inapita mikono, na kurudi kwake si jambo la uhakika.

Na kwa wanaosoma wawili wawili, kama mke na mume au ndugu wanaoishi mbali na kuzungumza kwa simu, riwaya ya kuanza nayo wiki hii ni Peponi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, aliiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis akaileta katika Kiswahili mwaka 2022 kupitia Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Yusuf, mtoto aliyetolewa rehani kwa deni la babake, anafuatana na msafara wa mfanyabiashara Aziz kwenda bara, na Wajerumani wako karibu kuingia. Gaweni kwa sehemu, msomeane kwa zamu, na mwafikiane mapema kwamba hakuna atakayetangulia mbele peke yake mara msafara utakapoanza safari, maana hapo kishawishi ni kikubwa.